Nani Atamwitikia Anaclet

Jumatatu, 12 Novemba 1973

Mvua ya jana alasiri ilikuja na upepo, na upepo ukabeba nusu ya paa la nyumba ya uzazi hapa kwetu Kenya, mtaa wa mji wetu huku Zaire. Mabati mawili yaliangukia sokoni. Akina mama kumi na mmoja walikuwa ndani, mmoja akiwa katikati ya uchungu. Mama yangu, Régine, ni mkunga pale. Alimalizia kazi chini ya mwavuli ulioshikwa na mlinzi. Mtoto ni mzima.

Mama alirudi amelowa chapachapa, akala bukari, ugali wetu, kisha akasema: «Kama Chama kinapenda batoto ya taifa, kikuye kushika parapluie.»

Kambo, bibi yangu, yaani mama yake Mama, alinyoosha kidole kuelekea dirisha. Nikaenda kulifunga.

Nimeanza daftari hili kwa sababu humu ndani naweza kusema bila kufunga dirisha. Kwenye kadi yangu naitwa Chola. Nilibatizwa Constance, lakini tangu mwaka jana majina ya ubatizo yamekatazwa, na Mama ananiita kwa jina hilo jikoni tu, sauti chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Ijumaa, 16 Novemba

Mvua. Mama amezalisha watatu chini ya turubai.

Jumanne, 20 Novemba

Nimepata kazi, daktilo, mpiga mashine ya kuandika, katika ofisi ya vijana wa Chama, mjini. Nina diploma ya taifa, nasubiri nafasi ya chuo kikuu ambayo haifiki, na ninaandika kwa mashine kwa vidole kumi bila kuangalia. Mkubwa wangu ni Citoyen Kalaba; citoyen, mwananchi, ndivyo tunavyoitana sasa. Abakosi yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi vizuri mno, na ana kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kusema jambo zito. Aliniuliza nimesoma vitabu gani, kisha akasubiri jibu. Nimezoea watu wanaouliza na kuondoka; yeye aliniazima kitabu chake.

Kazi yetu ni tamasha. Nyota kutoka Kinshasa watakuja kuimba nyimbo za zamani za mji huu, na kila kiingilio kitakwenda kwenye paa la nyumba ya uzazi. Atakuja Ngalula mwenyewe, aliyezaliwa hapa Kenya, nyuma ya soko, na ambaye leo sauti yake inatoka kwenye kila redio. Nilipomwambia Mama, alicheka kwa mara ya kwanza tangu upepo ule.

«Aimbe hata akilala, bora paa lirudi.»

Jumatatu, 3 Desemba

Orodha ya nyimbo imetoka. Wa mwisho, wa kufungia tamasha, ni «Musifunike Bukari». Hakuna mtu wa mji huu asiyeujua. Mpiga gitaa mmoja, marehemu sasa, aliutia kwenye sahani ya santuri mwaka 1956, na tangu hapo unachezwa arusini na kwenye baa zote za Kenya:

Saba balishuka, ngazi ilibakia.
Musifunike bukari, beko karibu kufika.

Nyumbani kwetu tu hauchezwi. Redio ikiuanza, Kambo huinuka na kutoka nje, hata kama mvua inanyesha. Nimekuwa nikidhani ni dharau ya mwanamke wa kanisa kwa muziki wa baa.

Maneno ya kila wimbo lazima yaandikwe nakala tatu na kupigwa mhuri. Sahani ina kiitikio tu pamoja na gitaa refu, lakini Citoyen Kalaba amepata karatasi ya yule mpiga gitaa yenye wimbo mzima. Mwishoni kuna majina saba. Aliweka kidole juu yake.

«Citoyenne Chola, soma.»

«Liévin, Léonard, Cyprien, Évariste, Barnabé, Donatien, Anaclet.»

Akakohoa. «Banarume ya Zaire, baimbwe na majina ya bazungu, mbele ya bakubwa? Weye uko na akili. Nitafutie saba ingine, ya kwetu, yenye kuingia mu muziki.»

Robo saa ilinitosha. Nilipiga mapigo mezani kwa kalamu, nikapanga: Chileshe, Mulenga, Musonda, Katebe, Kabamba, Kasongo, Mwenze. Yanatiririka vizuri kuliko yale ya kwanza. «Très bien,» akasema, na mbele yangu akawaambia wale wanaume wawili wa ofisi wajifunze kwangu. Nimerudi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka.

Jumatano, 5 Desemba

Kumbikumbi wamejaa kwenye taa. Kambo amewakaanga.

Jumapili, 16 Desemba

Naandika polepole, ili niandike yote.

Leo baada ya misa redio ilisema kwamba tutasikia mazoezi ya wimbo wa tamasha, yaliyorekodiwa Kinshasa. Kambo alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharagwe. Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Sauti ya Ngalula ilikuja polepole, bila gitaa la kuchezesha, na Kambo akaacha mkono wake ndani ya maharagwe. Ngalula akaita: «Chileshe!» Waitikiaji wakajibu: «Iko!» Akaita: «Mulenga!» Wakajibu: «Iko!» Akafika mwisho.

Kambo akaniuliza, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba: «Hawa bantu, nani alibazala?»

Nilipunguza sauti ya redio.

«Bake zao ni nani? Balikala camp gani? Miye nilikuwa pale. Huyu Chileshe sikumuona.»

Ndipo akasema yale ambayo miaka yangu yote kumi na tisa sikuyauliza. Mwaka 1937 wanaume saba walishuka mgodini asubuhi, na shimo likajifunga nyuma yao. Hawakutolewa. Bukari hufunikwa kwa sahani kama mtu anatarajiwa kuchelewa, na jioni ile wake zao walikataa kufunika, kwa sababu kufunika kungekuwa kusema watachelewa. Chakula kikapoa wazi, siku tatu. Siku ya nne Kambo, ambaye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za vilio pale kambini, aliuanzisha huu. Haukutungwa kuchezwa. Mpiga gitaa aliusikia kwenye kilio kingine, miaka mingi baadaye, akachukua kiitikio.

Una sheria moja. Mwanzishaji anaita jina, na mwenye damu na yule mtu anaitikia: Iko, yaani yupo. Asipoitikia mtu, wimbo unasimama palepale. Haupiti. Mwanzishaji anaita tena, anangoja tena, hata watu waliokaa mbali wapelekewe habari waje.

«Liévin ni nani, Kambo?»

Aliutoa mkono kwenye maharagwe. «Baba ya Régine.»

Babu yangu nilimjua kwa jina la Kapya, jina la kwenye karatasi za mgodi. Kambo hajawahi kumwita mbele yetu ila hivyo, baba ya Régine. Nilikuwa nimemfuta kwa robo saa, na nikasifiwa.

Nikamwambia. Nilisema wazi: «Kambo, ni mimi niliyeyaandika yale majina.»

Alirudi kwenye maharagwe. Akatoa moja lililooza, akalitupa mlangoni.

«Banasema uko na maandishi muzuri,» akasema.

Jumatatu, 17 Desemba

Sikulala vizuri. Sina zaidi.

Jumatatu, 7 Januari 1974

Nimesubiri wanaume wa ofisi waende kula. Nikamwomba Citoyen Kalaba ruhusa ya kuandika wimbo upya, na majina yake.

«Yale ni majina ya wafu,» nikasema. «Wafu hawawezi kwenda kubadilisha kadi.»

Akakohoa. «Chola, mihuri imekwisha kupigwa. Tatu.»

«Nitaandika nyingine tatu.»

«Na miye nitasema nini kule juu? Nilikosea? Miye niko na batoto wane.» Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. «Unafikiri miye sikubatizwa? Nilikuwa na jina. Mama yangu aliniita naye mpaka alikufa. Mutu anazoea.»

«Lilikuwa jina gani?»

Alifungua kinywa. Nakiri nilimhurumia, maana nilimwona akilitafuta, akalipata, na akalirudisha mahali lilipokuwa. Kisha akafungua mlango kwa nguvu na kuniambia, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba stensili ya mwaliko ina makosa. Haikuwa na makosa.

Kitabu chake nimekirudisha mezani kwake. Nilikuwa nimebakiza kurasa thelathini. Sitazisoma.

Alhamisi, 10 Januari

Mvua. Mama amezalisha wawili, na mzazi mmoja hakupona. Turubai lilivuja juu ya kitanda chake. Mama hakusema kama ni turubai lililomuua. Alifua aproni yake mara mbili.

Na mimi sasa najua kwamba tamasha lazima lifanyike, na kwamba wimbo lazima uimbwe sawa. Vyote viwili. Sitakubali mtu aniambie nichague.

Jumamosi, 19 Januari

Ngalula amefika. Mazoezi yako kwenye ukumbi wa komini, yaani wa serikali ya mtaa wetu. Ni mfupi kuliko picha zake. Wigi zimekatazwa, kwa hiyo amefunga kitambaa, na kila dakika anakigusa kama kofia ya mtu mwingine. Nilimpelekea karatasi za maneno.

«Njo weye unaandika haya yote? Vidole nyembamba namna hii? Citoyenne Karatasi!» Wanamuziki wakacheka. «Cheka na weye, mutoto, haikatazwe bado.»

Sikucheka. Nilimwambia habari za wale saba, sheria ya kuitikia, Kambo. Nilisema haraka na vibaya, nikiangalia viatu vyake. Aliacha mzaha mara moja, na hilo lilinishangaza.

«Miye nilizaliwa nyuma ya soko pale,» akasema. «Mama yangu alikuwa anafunga redio na wimbo ule, sikujua juu ya nini.» Kisha: «Lakini sikiliza. Nikitaja jina ya sakramenti mu micro, kesho banapima sauti yangu mu cachot, kule gerezani. Weye utapoteza mashine ya kuandika. Miye nitapoteza mudomo.»

«Basi ukiita Chileshe, ukisikia kimya, usishangae.»

«Waitikiaji wangu bataitika.»

«Hao si wa damu.»

Akagusa kitambaa chake. «Uko mubaya, Citoyenne Karatasi,» akasema, lakini si kwa hasira.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Kambo nilichosema, kwamba patakuwa kimya. Nilikuwa nimekisema bila kufikiri. Yeye alikifikiri hapohapo, akiwa amesimama na sufuria mkononi.

«Ni kweli,» akasema. «Kunyamaza, banaikataza?»

«Hapana, Kambo. Hakuna amri.»

«Basi tutanyamaza sana.»

Jumamosi, 26 Januari

Tumezunguka Kenya yote kwa miguu, Kambo na mimi, matope hadi vifundoni. Familia ya Cyprien: binti yake anauza samaki wa chumvi sokoni, kila siku nanunua kwake na sikujua. Familia ya Barnabé. Mjane wa Évariste haoni tena, lakini alipomsikia Kambo mlangoni aliita jina lake la zamani, «Germaine!», kwa sauti kubwa, mchana kweupe, na hakuna aliyekwenda kufunga dirisha.

Kambo hawahutubii. Anakaa, anakunywa maji, anasema: «Bataita bantu hatujue. Hatutaitika.» Basi. Wanasema ndiyo kabla hajamaliza.

Jumamosi, 2 Februari

Ruashi, mtaa wa pembezoni mwa mji. Mvua ilitukamata njiani, tukajibanza kwa fundi baiskeli. Familia ya Léonard, wana watatu, wote wachimbaji. Wa kwanza aliuliza: «Na bakitufunga?» Mdogo wake akamjibu: «Juu ya nini? Juu ya kukosa kuimba? Weye hata kanisani hauimbe.» Familia ya Donatien walitupa viazi vitamu vya kubeba.

Wamebaki Liévin, ambaye ni wetu, na Anaclet. Nikauliza nyumba ya Anaclet iko wapi.

«Hakuna,» Kambo akasema. «Alikuya peke yake, toka mbali. Hakuoa. Alikuwa anakula kwetu. Sahani yake njo ilikuwa ya pili pale mezani. Miaka yote mi mwenyewe namuitikia.»

«Lakini si wa damu.»

«Alikula bukari yangu miaka ine. Wake balikuwa mbali, sikubajua. Ningemuacha pale chini?» Alikohoa, akashika ukuta wa fundi. Amekonda msimu huu, na mimi sikuona, nilikuwa naangalia karatasi. «Sasa pumzi yangu inatosha Liévin tu. Anaclet ni wako.»

Nikamwambia siwezi. Mimi si mtu wa kupaza sauti. Shuleni nilisogeza midomo tu kwenye kwaya, miaka sita, na masista hawakugundua. Isitoshe siku ile nitakaa mbele, kwenye meza ya kamati, karibu na Citoyen Kalaba, na vitabu vya tiketi za kiingilio.

Kambo alitazama mvua. «Njo vizuri,» akasema. «Pale batakusikia.»

Jumamosi, 9 Februari

Jua. Nguo zimekauka. Mama amenisuka bila kuuliza kitu.

Jumapili, 10 Februari

Tamasha lilianza saa tisa alasiri, uwanjani. Watu walikaa hadi juu ya kuta. Walioimba kwanza waliimba vizuri, nyimbo za baba zetu kwa magitaa mapya, na watu walicheza, hata wakubwa walitikisa mabega. Mama alikuwa na wakunga wenzake, wote kwa aproni nyeupe. Kambo na wale wengine walikuwa safu ya tatu, pamoja, wanawake zaidi ya ishirini na wanaume kadhaa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bomba la moshi la kiwanda.

Ngalula akaja mwisho. Kiitikio uwanja mzima uliimba naye. Kisha gitaa likapungua, kama kwenye mazoezi.

«Chileshe!»

Waitikiaji wake wawili: «Iko!»

Safu ya tatu wakageuza vichwa na kuwatazama wale wasichana. Hawakufanya jambo jingine. Ngalula akaita tena, «Chileshe!», na msichana mmoja tu akaitika, nusu. Mara ya tatu hakuna aliyeitika.

Sikuwahi kujua kwamba uwanja unaweza kunyamaza hivyo. Watu wa vilio walikuwa wamejaa mle, wazee wa kambi zote, na wao waliijua sheria. Kimya kilianza safu ya tatu kikapanda hadi kwenye kuta. Mpiga gitaa alirudia nota zile nne, akarudia, akarudia. Mkubwa mmoja kutoka mkoani alimnong'oneza Citoyen Kalaba: «Fanya kitu.» Kalaba alikohoa. Hakufanya kitu.

Ngalula aliteremka ngazi mbili za jukwaa, mbali na micro ya kupazia sauti, akasimama mbele ya safu ya tatu.

«Mama,» akasema, na sisi wa mbele tulimsikia, «nimuite nani?»

Kambo akamwambia.

Ngalula alipanda tena. Akafungua kitambaa chake, akakifunga kiunoni kama wanavyofanya wanawake wakianza kilio, akashika micro kwa mikono miwili.

«Liévin!»

«Iko!» Ilikuwa sauti ya Kambo, nyembamba, lakini ilifika. Na ya Mama, kutoka kule kwenye aproni nyeupe, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia: «Iko!»

«Léonard!» Wana watatu wa Ruashi wakasimama, na yule mwoga ndiye aliyesimama kwanza. «Iko!»

Cyprien. Évariste. Barnabé. Donatien. Kila jina lilipata watu wake. Mkubwa wa mkoani alikuwa akitaka mafundi wakate umeme, na mafundi walikuwa wamevua kofia.

«Anaclet!»

Gitaa likazunguka. Ngalula akaangalia safu ya tatu. Safu ya tatu haikuangalia jukwaa. Kambo alikuwa ananiangalia mimi, kinywa kimefungwa.

«Anaclet!»

Nilimfikiria mtu aliyekuja kutoka mbali, akala nyumbani kwetu, na ambaye baada ya mimi kukaa kimya leo hatakuwa na mtu tena duniani. Nilisimama. Kitabu cha kiingilio kilianguka. Citoyen Kalaba akanishika mkono wa gauni, si kwa nguvu, akasema chini: «Chola. Kaa. Nakuomba.»

«Iko!» nikasema.

Ilikuwa ndogo. Ngalula alitikisa kichwa, akaita mara ya tatu, kama sheria inavyotaka.

«IKO!»

Sikujua kwamba sauti hiyo ilikuwa yangu mpaka nilipoona watu wote wa meza ya kamati wamegeuka. Kisha wimbo ukapita.

Mvua ilikuja dakika kumi baadaye. Hakuna aliyekimbia.

Jumatano, 13 Februari

Ngalula amerudishwa Kinshasa kwa ndege ya asubuhi. Redio haipigi wimbo. Watoto wa mtaa wanauimba wakienda kuchota maji, majina yote saba.

Jumanne, 26 Februari

Hakuna aliyekuja kunikamata. Mashine yangu imefunikwa kwa kitambaa. Nakaa mbele yake kutwa na hakuna anayenipa kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Mabati yamefika! Mama ameyapigia makofi kama watu.

Jumatatu, 18 Machi

Citoyen Kalaba aliniita asubuhi. Juu ya meza kulikuwa na barua aliyoiandika mwenyewe kwa mashine, kwa vidole viwili, naona, maana herufi zimerukana. Inasema kwamba majina yaliyosikika tarehe kumi yalitokana na kosa la kuandika la daktilo, ambaye kwa haraka alichanganya karatasi ya zamani na iliyopigwa mhuri, na kwamba daktilo anasikitika.

«Tia sahihi,» akasema. «Unabaki na kazi. Ngalula anapata kuimba tena. Miye... na batoto. Banaitaka karatasi tu, Chola. Mambo inaisha.»

Sikumchukia. Ningependa kuandika kwamba nilimchukia. Alikuwa amechoka, na abakosi yake ilikuwa na kasoro ya pasi begani.

Nilichukua kalamu nyekundu na kusahihisha makosa yake ya herufi, tisa, kwa sababu barua mbaya inaniuma macho. Ngalula nilimtoa humo: nikaandika pembeni kwamba mwimbaji aliita majina aliyopewa na wenye wimbo. Kisha nikakata mstari wa kosa na mstari wa masikitiko. Chini yake nikaandika: Kosa la kuandika lilifanyika tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi, katika ofisi hii, nilipoandika Chileshe badala ya Liévin. Tarehe 10 Februari lilisahihishwa.

Alisoma. Akakohoa, lakini hakusema kitu kizito. Alisema: «Sahihi.»

Nilirudi nyumbani kwa miguu, bila kazi. Mvua ilinikuta mbele ya nyumba ya uzazi, nikajikinga ndani, chini ya mabati mapya, na yalipiga kelele hivi kwamba Mama alilazimika kunipigia ukelele kutoka mwisho wa chumba: «Constance! Futa miguu!»

Jina nililotia kwenye barua yao ni hilo. Constance Chola, wa Liévin, na wa Anaclet.